Usinipigie Windows

Sentensi ninayoichukia kuliko zote katika Kiswahili cha mjini ina maneno matatu: tuipige Windows tu. Utaisikia kwenye vibanda vya mafundi Kariakoo, utaisikia steshenari iliyo jirani na chuo chochote, na utaisikia kwa yule binamu ambaye kila ukoo unaye, aliyesomea kitu kingine kabisa lakini anaitwa “mtu wa kompyuta”. Kompyuta ya mezani inaganda, mshale hausogei, kibodi haiitiki, na mwenye mali anaieleza kwa neno moja: inasumbua. Fundi hajaiwasha, hajaifungua, hajauliza hata inaganda saa ngapi. Hukumu imeshatoka.

Hoja yangu ni hii. Kuganda kwa kompyuta ni dalili, kama homa. Anayeifuta mashine nzima kabla hajatafuta chanzo hajaitengeneza. Ameficha dalili, ameharibu ushahidi, na mara nyingine ameondoka na kazi ya mtu. Na sisi tuliosoma, tunaojua kunukuu nadharia tatu ndani ya aya moja, ni wateja wazuri sana wa tabia hii, kwa sababu tunailipia bila kuuliza swali hata moja.

Nasomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii, kwa hiyo mfano wangu wa kwanza unatoka huko. Wengi wetu tulikua wakati ambapo kila homa ilikuwa malaria. Mtoto akichemka, dawa ya malaria ilitolewa, na akipona kila mtu aliondoka akiwa amethibitishiwa alichokuwa anaamini tangu mwanzo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliotaka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, awe mtoto au mtu mzima, ndipo apewe dawa. Sababu yake inaeleweka hata bila digrii. Homa inaweza kuletwa na malaria, nimonia, au maambukizi ya njia ya mkojo. Mtoto mwenye nimonia akipewa dawa ya malaria, hasara haiishii kwenye dawa iliyopotea bure. Mzazi anarudi nyumbani akiamini mwanawe ametibiwa, na zile siku mbili tatu za matumaini ndizo zinazoua.

Kwenye kompyuta bado tunaishi kabla ya 2010. Kila kuganda ni virusi, na dawa ya virusi ni kupiga Windows.

Mwanafunzi mwenzangu mmoja alikuwa na kompyuta ya mezani aliyoinunua ya mtumba mwaka wa kwanza wa masomo. Kwa ajili ya tasnifu yake alikuwa amewahoji kina mama 31 kuhusu namna walivyohudumiwa wakati wa kujifungua. Aliyaandika mahojiano yote neno kwa neno, na baada ya kuyahakiki alifuta sauti alizozirekodi, kwa sababu ndivyo alivyowaahidi kina mama wale kwenye fomu ya ridhaa. Ndipo kompyuta ilipoanza kuganda. Mwanzoni ilikuwa mara moja kwa siku, baadaye kila alipofungua faili kubwa. Ikiganda, taa ndogo ya diski ilibaki imewaka bila kupepesa, na ndani ya boksi kulisikika mlio mdogo, kama mtu anayegonga meza kwa kucha.

Akaipeleka kwa fundi. Mazungumzo yao, kama alivyonisimulia, yalikuwa mafupi.

“Fundi, hii mashine inasumbua.”

“Inaganda?”

“Sana.”

“Hivyo ni virusi, dada yangu. Tuipige Windows tu. Elfu ishirini.”

“Na kazi zangu?”

“Vitu vyako si viko D?”

“Ndiyo.”

Alijibu kama wengi wetu tungejibu. Swali la D ndilo pekee aliloulizwa kuhusu kazi ya miezi minane, na liliulizwa kwa lugha ya fundi. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba Windows huiweka folda ya Documents kwenye C usipoihamisha mwenyewe, na kwamba C ndiyo inayofutwa. Jioni alirudishiwa mashine nyepesi, safi, yenye picha mpya kwenye skrini. Mahojiano 19 hayakuwemo. Yale 12 mengine yalipona kwa sababu alishamtumia msimamizi wake kwa barua pepe. Siku ya sita kompyuta ikaganda tena, taa ikiwa imewaka vilevile, na mlio ukiwa uleule.

Iangalie vizuri hiyo siku ya sita. Kama mashine ingepona, tungeweza kubishana kuhusu gharama ya tiba. Haikupona. Mwenzangu alilipa elfu ishirini na mahojiano 19 kwa dawa ya ugonjwa ambao hakuwa nao. Na mahojiano hayanunuliwi tena dukani. Baadhi ya kina mama wale wamehama, na hata yule atakayepatikana, nani anayesimulia uchungu wake mara mbili kwa namna ileile kwa sababu kompyuta ya mwanafunzi ilipigwa Windows?

Ugonjwa wenyewe ulikuwa diski, na haukuwa umejificha. Diski ya kuzunguka ina bamba lenye sumaku, na kichwa cha kusoma kinachopita juu yake kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Sehemu ya bamba ikichakaa, diski haisemi mara moja kwamba imeshindwa kusoma. Hujaribu tena, na tena, na Windows iliyoomba faili hilo hukaa ikisubiri. Kwa mtu aliye mbele ya skrini, kusubiri huko ndiko kuganda. Taa ya diski iliyokuwa haipepesi ilikuwa inasema hivyo hivyo: nimeombwa kitu na sijakipata.

Sasa mbona mashine ilirudi ikiwa nyepesi kwa siku tano? Kwa sababu Windows mpya huandikwa sehemu nyingine za diski, na pale maandishi mapya yanapoangukia sekta yenye mashaka, diski huiweka kando na kutumia sekta ya akiba. Zaidi ya hapo, programu zote zilizokuwa zikijiwasha zenyewe asubuhi zimefutwa. Unafuu ni wa kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Bamba linaendelea kuchakaa, akiba inaendelea kuisha, na mwenye mali ameacha kuwa na wasiwasi. Ni mtoto wa nimonia aliyerudishwa nyumbani na dawa ya malaria.

Kipimo kilikuwepo, tena cha bure. Diski karibu zote hujiwekea kumbukumbu za afya yake kwa mfumo uitwao SMART, na programu kama CrystalDiskInfo huzisoma ndani ya dakika moja: sekta ngapi zimehamishwa, ngapi zinasubiri hukumu. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Waliona kwamba diski ikishapata kosa lake la kwanza pale inapojikagua uso wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa hilo. Waliona pia kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha chochote katika vipimo vinne walivyoviona kuwa na nguvu zaidi. Yeyote aliyekaa darasa la epidemiolojia anajua namna ya kuyasoma matokeo hayo. Kipimo kikisema kuna tatizo, kimbia ukahamishe kazi zako leo. Kikisema hakuna, bado weka nakala.

Nirudi kwenye neno “inasumbua”, maana hapo ndipo sisi wateja tunapoingia kwenye kesi hii.

Kiswahili kimetupa maneno ya kutosha. Kompyuta inaweza kuganda: kila kitu kimesimama, hadi mshale. Inaweza kukwama: programu moja imesimama, nyingine zinaendelea. Inaweza kusuasua: inafanya kazi, lakini kwa kujivuta. Inaweza kujizima, na inaweza kujiwasha upya. Kila neno linaelekeza mlango tofauti. Kukwama kwa programu moja kunakupeleka kwenye programu hiyo. Kusuasua kila unapofungua mambo mengi kunakupeleka kwenye RAM ndogo au diski iliyochakaa. Kujizima ghafla katikati ya kazi nzito kunakupeleka kwenye joto au pawa saplai. Kuganda kabisa nyakati zisizotabirika, leo ukiandika barua, kesho ukisikiliza muziki, kunakufanya uishuku RAM yenyewe kuwa na hitilafu. Tumerithi lugha yenye maneno yote haya, nasi tunampelekea fundi “inasumbua”, neno tunalolitumia pia kwa mtoto, jirani na mbu.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji hata shilingi. Mashine ikiganda, bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima unavyobonyeza, kiini cha mfumo bado kinakusikia, na huenda aliyekwama ni programu au kadi ya picha. Kwenye Windows 10 na 11, ukibonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B, draiva ya picha huanzishwa upya, na mara nyingine skrini hurudi bila kupoteza ulichokuwa unaandika. Taa ikikataa kabisa, mashine imeganda hadi chini, na mtuhumiwa mkuu sasa ni kifaa au draiva. Kitufe kimoja, sekunde mbili, na orodha ya watuhumiwa imepungua. Ni wangapi wetu tuliowahi kumpa fundi taarifa hiyo?

Maelezo bora kuliko yote niliyowahi kuyaona kuhusu kompyuta inayoganda yamo kwenye kaunta buku la dada anayesimamia maabara fulani ya chuo. Kompyuta moja ya pembeni ilikuwa imebandikwa karatasi yenye neno MBOVU kwa muhula mzima. Waliokuja kuitengeneza walishaipiga Windows mara mbili. Dada yule akaamua kuiwasha kila siku na kuandika: tarehe, saa ilipowashwa, saa ilipoganda, aliyekuwa akiitumia alikuwa anafanya nini. Baada ya wiki mbili kurasa zikaanza kusema. Asubuhi mashine ilidumu zaidi ya saa moja. Mchana, hasa siku ambazo kiyoyozi hakikuwashwa, ilidumu kama dakika ishirini. Ikipumzishwa, ilirudi vizuri. Ikiwashwa papo hapo baada ya kuganda, iliganda mapema zaidi.

“Mdogo wangu, virusi havijui saa,” aliniambia.

Alipofungua ubavu wa boksi, feni ya prosesa ilikuwa imevaa vumbi kama koti, na ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma chake ilikuwa imekauka kama chokaa. Boksi lenyewe lilikuwa limesukumwa ndani ya kabati la meza lisilo na upenyo wa hewa. Brashi, dawa mpya, boksi likatolewa kabatini, na karatasi ya MBOVU ikabanduliwa. Windows haikuguswa.

Tazama alichokifanya. Alikusanya data kabla ya kutoa tafsiri. Alitofautisha asubuhi na mchana, siku za kiyoyozi na siku zisizo na kiyoyozi. Hilo ni somo la mbinu za utafiti la muhula wa kwanza, ambalo sisi tumelilipia ada na kulifanyia mtihani, kisha tunaliacha mlangoni mara tunapobeba boksi kwenda kwa fundi.

Wapo watakaosema mashine zetu zinaganda kwa sababu ni za mtumba, zimechoka, basi. “Zimechoka” ni ndugu wa “inasumbua”, na uvivu wa kutafuta sababu haukuzaliwa Kariakoo. Kati ya Mei 2003 na Julai 2005 kampuni ya Dell ya Marekani iliuza angalau kompyuta milioni 11.8 zilizokuwa katika hatari ya kuharibika kwa sababu ya kapasita mbovu kwenye mazabodi. Modeli za OptiPlex GX270 na GX280 zilikuwa miongoni mwa zilizovuma kwa tatizo hilo. Kapasita ni vile vikopo vidogo vya duara vinavyotuliza umeme kabla haujaifikia prosesa. Vikiharibika huvimba kichwani au kuvuja, na mashine huanza kuganda, kujiwasha upya, na mwishowe kufa.

Gazeti la New York Times liliandika habari hizo Juni 2010 kutokana na nyaraka za kesi. Idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Texas ilipoona kompyuta zake zinakufa, kampuni ilizichunguza ikaja na maelezo: chuo kilikuwa kimezichosha kwa kuzifanyisha mahesabu magumu. Ndiyo, ndugu msomaji, kompyuta imechoshwa na hesabu. Gazeti lilieleza pia kwamba hata ofisi ya mawakili iliyokuwa ikiitetea Dell mahakamani ilikuwa na kompyuta 1,000 zenye mashaka yaleyale. Tajiri na maskini, mtengenezaji na fundi wa kibandani, wote hushawishika kumlaumu mtumiaji kabla ya kufungua boksi. Na hakuna Windows duniani inayoweza kuinyoosha kapasita iliyovimba. Jicho la mtu aliyefungua ubavu wa mashine lingeiona mara moja.

Sasa nizijibu hoja za upande wa pili, maana zipo na zina uzito.

Ya kwanza: fundi naye lazima ale. Kweli kabisa, na simweki fundi kizimbani peke yake. Fundi anakula kwa Windows kwa sababu hatujawahi kumlipa kwa maswali. Akikuambia, “Niachie siku mbili niipime, utalipa elfu kumi hata nisipokuta kitu,” unamwona tapeli. Lakini hospitali unalipia kipimo cha damu, na majibu yakija hayana kitu, hudai urudishiwe hela, unashukuru Mungu. Fundi akipiga Windows anakuonyesha skrini mpya, nawe unaridhika kwamba umeona kazi. Tumemfundisha kwamba kufikiri hakulipwi na kufuta kunalipwa. Akichagua kufuta, tushangae nini?

Ya pili: hatuna muda, tarehe ya kukusanya kazi imefika. Basi hesabu vizuri. Kupiga Windows kunataka kuhamisha kazi, kufuta, kuweka mfumo, kutafuta draiva, kurudisha programu za kuandikia na za takwimu, na kuingiza upya nywila ulizozisahau. Hiyo ni siku nzima, na sababu ikiwa diski au joto, utairudia wiki ijayo. Kupima RAM kwa MemTest86, programu iliyoanzishwa na Chris Brady mwaka 1994, hufanyika usiku ukiwa umelala. Kusoma afya ya diski ni dakika moja. Kufungua ubavu wa boksi na kuangalia vumbi ni robo saa. Haraka yetu ndiyo inayotuchelewesha.

Ya tatu: sisi si wataalamu. Hakuna anayetaka uuguse waya wa kuchomelea. Tena pawa saplai usiifungue kamwe, kwa sababu kapasita zake zinaweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Kinachotakiwa kwako ni utaratibu, na utaratibu hauna cheti. Kwanza nakili kazi zako kwenye diski nyingine, hata kama mashine inasuasua, na hasa kama inasuasua. Usikimbilie kuamuru mashine irekebishe diski ambayo inaonyesha dalili za kufa, maana kazi hiyo inaweza kuimaliza, nakala itangulie. Pili, andika inaganda lini na ukifanya nini. Tatu, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukisafisha feni, ukabadilisha RAM na ukaondoa antivairasi siku moja, mashine ikapona, hujui kilichoiponya, na ikiugua tena utaanza upya.

Kuna ushahidi mwingine ambao Windows yenyewe inautunza, katika programu iitwayo Event Viewer. Humo utakuta tukio namba 41 la Kernel-Power, ambalo huwatisha watu bure. Linasema tu kwamba mashine iliwashwa upya bila kuzimwa vizuri, jambo unalolijua, kwa kuwa wewe ndiye uliyeshikilia kitufe cha kuzimia baada ya kuganda. Ni tangazo la msiba lisilotaja chanzo cha kifo. Lakini sogea dakika chache kabla yake. Ukikuta tukio namba 7 kutoka kwa diski, hilo linataja sehemu mbovu, na sasa una jina la mtuhumiwa. Kumbukumbu hizi zimo ndani ya Windows ileile ambayo fundi anataka kuifuta. Askari anayefika eneo la tukio na kuanza kupiga deki tungemwita nani?

Sisemi Windows isipigwe kamwe. Faili za mfumo zikiwa zimeharibika na kurekebisha kumeshindikana, ipigwe. Virusi vikiwa vimeonekana na kutajwa kwa jina, na huna hakika kama vimetoka vyote, ipigwe. Hapo kuna mashtaka, ushahidi na hukumu, kwa mpangilio huo. Ninachokipinga ni hukumu inayotangulia mashtaka.

Na vyuo visijifiche nyuma ya mafundi. Tunafundishwa namna ya kunukuu kitabu, mkato uende wapi na mwaka uende wapi. Kazi zetu zinapitishwa kwenye programu za kukagua wizi wa maandishi. Mtu anaweza kumaliza shahada mbili bila mtu yeyote kumweleza faili lake linakaa wapi, nakala moja tu ina maana gani, na diski inakufaje. Kamati za maadili ya utafiti zinatutaka, na ni haki, tufute sauti za waliohojiwa. Zituulize basi na swali la pili: maandishi yao yatakuwa mahali pangapi siku kompyuta yako itakapoganda? Saa moja ya mhadhara ingetosha. Kina mama 19 walitoa saa zao na machozi yao, na hawakuwa na sababu ya kujua kwamba ushuhuda wao wote ungekuja kutegemea herufi C na D.

Kwa hiyo nina madai matatu, na hayahitaji bajeti wala waziri. Mteja aache kusema inasumbua. Aseme inafanya nini, lini, na baada ya muda gani. Tulipie kupima kama tunavyolipia kutengeneza, hata majibu yakija matupu. Na fundi anapoandika risiti, aandike na sababu: feni imejaa vumbi, diski ina sekta mbovu, RAM ya pili ina hitilafu. Risiti iliyoandikwa “Windows, 20,000” inakueleza kilichofanywa, lakini haikuelezi kwa nini. Ukikubali risiti isiyo na sababu kwenye kompyuta, utaikubali kwa fundi wa gari, utaikubali duka la dawa, na utaikubali kwa yeyote mwenye kalamu na muhuri.

Atakapokuambia ni virusi, usigombane naye. Ana njaa, ana foleni, na hakuna aliyewahi kumlipa kwa jibu lingine. Muulize kwa heshima, huku mkono wako ukiwa bado umeshika boksi, neno moja tu: umejuaje?